Somo: Mteja Asiyeona Umuhimu wa Kubadilika

Wanasihi wenzangu, leo tumzungumzie mteja anayeletwa na mkewe kwa sababu ya pombe. Anakaa, anakunja mikono: "Mimi sina tatizo. Nakunywa kwa hela yangu." Huyu hakuja, kaletwa. Ukimwanzishia hotuba ya madhara ya pombe, umempoteza.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliandika kuhusu namna ya kuzungumza na wateja wa aina hii; baadaye akaikuza njia yake pamoja na Stephen Rollnick. Kiini chake ni kwamba mtu husadiki zaidi sababu anazozitoa mwenyewe. Wewe ukitetea kuacha, yeye atatetea kunywa.

1. Omba ruhusa. "Unaonaje tukiongea kidogo kuhusu pombe?" Akikataa, ongeeni linalomsumbua: usingizi, kazi, ada za watoto.

2. Uliza pombe inamsaidia nini. Wengi wetu tunaiogopa hatua hii, tukidhani tunahalalisha ulevi. Sivyo kabisa. Akisema inamletea usingizi na watu wa kupiga nao soga, na wewe hukumbishia, mara nyingi huongeza mwenyewe: "Ila asubuhi sasa..." Usimrukie. Uliza tu, "Asubuhi inakuwaje?" kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

3. Tumia kipimo cha 0 hadi 10: kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwake? Tuseme kajibu 3. Usiulize kwa nini si 10, maana atakupangia sababu za kuendelea kunywa. Uliza kwa nini 3 na si 0. Hapo atatafuta sababu za upande wa pili: "Kamwanangu ka mwisho kananikwepa nikirudi usiku." Mrudishie taratibu: "Mtoto anakukwepa, na linakuuma."

4. Toa taarifa kidogo, akikubali kuisikia. Muulize kwanza anajua nini kuhusu pombe na shinikizo la damu, ongeza asichokijua, kisha uliza anaonaje.

5. Funga kwa kumkusanyia aliyoyasema mwenyewe. Uamuzi ni wake, na umwambie hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Akisema 0 je?

Jibu: Marahaba. Muulize, ni jambo gani likitokea namba hiyo itapanda hata ifike 2? Akikosa jibu, mshukuru kwa ukweli wake, mkaribishe tena.

Swali: Mke anataka nimtishe mumewe.

Jibu: Amechoka, mwelewe. Mwone peke yake. Kama anapigwa, usalama wake unatangulia. Usisubiri mume awe tayari.

Swali: Wangu anakunywa kuanzia asubuhi, kila siku. Sasa kaamua kuacha leo leo. Nimpongeze?

Jibu: Mpongeze, lakini asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mnywaji wa kiasi hicho akikatisha anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na wengine hufa. Mpeleke hospitali leo hii, aanze kuacha akiwa chini ya uangalizi wa daktari.