Kutambua na Kupiga Picha Herufi za Kiwanda Zilizogongwa Mara Mbili kwenye Sarafu za Zamani

Anayeinamia senti ya zamani ya Marekani yenye sura ya Lincoln, akaona chini ya mwaka herufi D ambayo ubavuni mwake kuna kitu kama D nyingine, anapaswa kwanza kujiuliza kama anachokiona ni madini yaliyoinuka au ni kivuli tu. Swali la thamani lisubiri. Nimeona picha nyingi zilizotolewa kama ushahidi wa herufi mbili ambazo hazikuonyesha chochote zaidi ya taa iliyowekwa vibaya, na ndiyo maana katika mwongozo huu utambuzi na upigaji picha vinakwenda pamoja.

Herufi ya kiwanda hueleza sarafu ilipigwa chapa wapi. Kwa Marekani, D ni Denver, S ni San Francisco, O ni New Orleans na CC ni Carson City, ilhali Philadelphia kwa muda mrefu haikuweka herufi yoyote. Mpaka kuelekea mwaka 1990, herufi kwenye sarafu za matumizi ya kila siku haikuwa sehemu ya mchoro mkuu: muhuri wa chuma, yaani ule unaoichapa sarafu, ulipokuwa tayari, fundi aliusimamishia kipigio chembamba chenye herufi kwenye ncha yake, akakigonga kwa nyundo, aghalabu zaidi ya pigo moja. Kipigio kikihama au kikizunguka kidogo kati ya mapigo, muhuri ulibaki na nyayo mbili, na kila sarafu iliyotoka katika muhuri huo ilizibeba zote mbili. Hiyo ndiyo herufi iliyorudiwa.

Aina ya pili ni herufi ya kiwanda kimoja juu ya herufi ya kiwanda kingine. Carson City iliacha kupiga sarafu mwaka 1893. Baadhi ya mihuri yake ya dola ya fedha ya Morgan ikagongwa herufi ya New Orleans, na matokeo yake ni dola ya mwaka 1900 yenye O ambayo chini yake mabaki ya CC bado yanaonekana. Nikeli (sarafu ya senti 5) ya nyati ya mwaka 1938 yenye D juu ya S na senti ya mwaka 1944 yenye D juu ya S ni za jamii hiyohiyo. Kuna pia tofauti za ukubwa wa herufi, kama S ndogo mno ya senti 10 za mwaka 1945, ambazo hutambulika kwa kulinganisha tu.

Jua pa kutazama kabla ya kushika lenzi. Kwenye nikeli ya Jefferson, herufi ilikuwa upande wa nyuma, kulia kwa jengo la Monticello, isipokuwa sarafu zilizochanganywa fedha za miaka ya vita, 1942 hadi 1945, ambazo zina herufi kubwa juu ya kuba, ikiwemo P ya Philadelphia. Sarafu zenye tarehe za 1965 hadi 1967 hazina herufi kabisa, na kuanzia 1968 herufi ilihamia upande wa mbele.

Kioo cha kukuza mara 10 na taa moja yenye mwanga mkali vinatosha. Shika sarafu kwa kingo zake, usiisafishe kamwe, kisha izungushe polepole chini ya taa huku ukitazama herufi. Kivuli kitahama pamoja na mwanga. Herufi ya pili ya kweli itabaki palepale. Mabaki ya kweli yana unene wake na mgongo wa mviringo: ncha za herufi hupasuka na kuwa mbili, kijitao kidogo hubaki ndani ya uwazi wa D, au mtaro mwembamba hutenganisha pigo la kwanza na la pili.

Kinachowapotosha wengi zaidi ni muhuri uliotikisika wakati wa kupiga sarafu. Mtikisiko huo husukuma madini na kuacha ngazi bapa yenye kung'aa, ambayo huila herufi yenyewe badala ya kuiongezea upana. Kwenye senti za karne ya 20 za kabla ya 1990 kipimo kizuri ni kutazama tarakimu za mwaka. Hizo hazikugongwa pamoja na herufi, kwa hiyo zikionyesha ngazi ileile, upande uleule, karibu hakika ni mtikisiko. Tahadhari nyingine ni herufi zilizobandikwa kwa hila, hasa D ya senti 10 za mwaka 1916 na S ya senti ya mwaka 1909 yenye V.D.B., herufi za mwanzo za jina la mchoraji wake; kagua mzunguko wa tako la herufi utafute mshono.

Sasa picha. Kamera lazima itazame sarafu wima kabisa, kwa sababu ukikuza sana, kina kinachoonekana vizuri huwa chembamba kuliko unene wa nywele chache. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali sarafu itakapolala, kisha sogeza kamera hadi lenzi ijione katikati ya picha, hapo imenyooka. Tumia kitegemeo imara, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya chini, tundu la lenzi la f/5.6 hadi f/8, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Mwenye simu asivute picha kwa vidole: aisogeze mbali kidogo, apige, kisha akate kipande anachokihitaji, au aiweke lenzi ya simu nyuma ya kioo cha kukuza. Mwenye hadubini ya kompyuta azime taa zake za duara, kwani humwaga mwanga kutoka pande zote na kufuta vivuli vinavyoonyesha umbo.

Taa iwe juu kushoto au juu kulia, chini kiasi cha mwanga kuteleza juu ya uso wa sarafu, na karatasi nyeupe nyembamba mbele yake kupunguza mng'ao. Usiangaze kutoka chini ya picha, kwa kuwa macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, na herufi iliyoinuka itaonekana kama shimo. Baada ya picha ya kwanza, zungusha taa robo duara bila kugusa sarafu wala kamera, upige tena. Picha hizo mbili zikiwekwa sambamba, mabaki yanayoonekana katika zote mbili ni madini.

Piga pia pande zote mbili nzima, pamoja na mikwaruzo au nyufa za muhuri zilizoinuka karibu na herufi. Alama hizo hubebwa na sarafu nyingine za muhuri uleule, na mara nyingi ndizo zitakazothibitisha ulichonacho pale ambapo uchakavu umekwisha kulainisha herufi yenyewe.