Jinsi ya kuomba ukaguzi wa tangi la kompresa Kenya (anza na kibati)

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka tangi la hewa likaguliwe angalau kila miezi 24. Boila ni kila miezi 12, na hiyo ina mambo yake. Hapa nazungumzia tangi.

Mkaguzi awe ameidhinishwa na Mkurugenzi wa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Kabla hujatuma hata shilingi, mwombe barua ya idhini uone inahusu mitambo gani na kama haijaisha muda. Anayekuja, akapiga tangi kofi mbili na kubandika stika bila kulegeza nati, amekuuzia stika.

Maombi yenyewe hayana siri. Kilichonila pesa ni kibati cha mtengenezaji, kile chenye presha ya kazi, mwaka na namba. Aliyeniuzia kompresa ya mtumba alilipaka tangi rangi ya buluu, kibati kikiwemo, na herufi zilikuwa zimeshasagwa kwa grinda. Eti anapendezesha! Bila kibati mkaguzi habahatishi: aliitwa mtu wa kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, hesabu ikapigwa upya, presha salama ikashuka, na vali ya usalama ikabidi inunuliwe nyingine inayofunguka mapema. Bili zote kwangu. Kibati chako kikiwa chini ya rangi, tumia dawa ya kutoa rangi na kitambaa, taratibu.

Siku ya ukaguzi zima umeme, toa hewa mpaka geji isome sifuri, fungua koki ya chini yatoke yale maji ya kutu yenye rangi ya chai, ndipo ufungue kifuniko cha tundu la kusafishia. Akikuta tangi limejaa hewa ataondoka, na nauli utalipa. Presha salama iandikwe juu ya tangi ionekane. Ukiwa na matangi kadhaa, kila moja lipewe namba.

Kipimo cha presha kikihitajika, kifanywe kwa maji. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo tangi likishindwa aghalabu litavuja tu. Kwa hewa, hurusha vyuma.

Ripoti ikija, linganisha presha iliyoandikwa na ile ya vali, kisha iweke pamoja na rejista ya mahali pa kazi. Afisa akifika ataulizia hiyo, si stika. Na fundi akilichomelea tangi baadaye, mwite mkaguzi tena kabla ya kuwasha kompresa.