Jinsi ya kuzuia mbawakawa kwenye matunda makavu, hatua kwa hatua

Wadau, swali linalorudi kila mara ni hili: nimekausha vizuri, nimefunga vizuri, mbona baada ya muda nafungua nakuta wadudu? Mara nyingi hawakuingia baadaye, ulifunga mayai yao humo humo, na mayai yenyewe ni madogo mno, ni vigumu kuyaona kwa macho. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuua mayai kabla ya kufunga.

Hatua ya 1: jua unapambana na nani

Wako wengi ila wawili ndo wasumbufu zaidi. Wa kwanza ni mbawakawa wa matunda makavu, kitaalamu Carpophilus hemipterus, ana milimita 2 hadi 4, mabawa yake ya juu ni mafupi hayafuniki mkia wote na yana mabaka ya njano. Huyu anavutwa na harufu ya tunda linaloanza kuchacha, kwa hiyo anaanzia shambani kwenye matunda yaliyoiva sana au yaliyoanguka, na kwenye tini anapita kwenye kale katundu ka chini. Akiingia anabeba hamira na kuvu mwilini, tunda linachacha kwa ndani hata kama nje linaonekana zima. Ila anahitaji unyevu, tunda likikauka sawasawa anazaa kwa shida sana.

Wa pili ni Oryzaephilus surinamensis, mimi namwita meno-msumeno maana ana vimeno 6 kila upande wa kifua. Ana kama milimita 3 na ni bapa kabisa, anapenya kwenye upenyo ambao wewe unauona umefungwa. Huyu hajali sana ukavu na ndo anayekaa stoo. Kukiwa na joto la nyuzi 30 hivi, yai linakuwa mbawakawa kamili ndani ya wiki 3 au 4, chini ya nyuzi 17 hakui. Mkubwa anaishi miezi mingi, wengine wanapita hata miaka 3, kwa hiyo kusubiri wafe wenyewe sahau.

Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hao ni viwavi wa nondo, lakini hatua hizi zinawafaa pia.

Hatua ya 2: kuvuna na kukausha

Okota yaliyoanguka kila siku na uyapeleke mbali au uyafukie, usiyarundike pembeni ya sehemu ya kukaushia. Yaliyopasuka au kuanza kuchacha usichanganye na mazuri. Ukikaushia juani funika na wavu wenye matundu chini ya milimita 1.

Yakikauka weka kwenye chupa ya kioo, jaza theluthi mbili tu, funga, tikisa kila siku kwa wiki nzima. Ukiona matone ya maji kwenye kioo rudisha kukausha. Hii hatua watu wanairuka sana na ndo inayowapa kuvu.

Hatua ya 3: ua mayai

Hapa usiwe na haraka. Njia ninayoipenda ni friza, kwa sababu haibadilishi ladha. Funga matunda kwenye mifuko isiyopitisha hewa, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48 angalau, na kama mfuko ni mnene acha siku 4 au zaidi maana baridi inachelewa kufika katikati, nje pamegandana ila kati bado kuna yai zima. Ukitoa usifungue mpaka mfuko urudi kwenye joto la kawaida, la sivyo unyevu wa hewa unaganda juu ya tunda na umeharibu kazi yote ya kukausha.

Huna friza? Oveni nyuzi 71 kwa dakika 30, tandaza safu moja, kisha acha yapoe kabisa kabla ya kufunga.

Hatua ya 4: funga

Kioo au kopo lenye kifuniko cha kubana. Mfuko mwembamba wa plastiki haufai. Ukiongeza pakiti za kunyonya oksijeni, na oksijeni ikashuka chini ya asilimia 1, waliobaki wanakufa, ila tunda lazima liwe kavu kweli.

Hatua ya 5: stoo kubwa

Wenye tani nyingi wanatumia hewa ya ukaa au gesi ya fosfini. Methili bromaidi, gesi nyingine ya kuua wadudu, iliondolewa kwa Itifaki ya Montreal (mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni), nchi zilizoendelea 2005 na zinazoendelea 2015, imebaki kwa karantini na mizigo inayosafirishwa. Fosfini nawasihi sana, vidonge vyake vinatoa gesi vikikutana na unyevu tu wa hewani, inaua watu na haina dawa ya kuizimua, kwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na kamwe si ndani ya nyumba mnamolala. Halafu gesi ikishatoka hakuna kinga inayobaki, mdudu mpya akija kesho anazaa kama kawaida.

Hatua ya 6: ukishawakuta

Tafuta pakiti iliyoanza, ile yenye wadudu wengi na vumbi laini chini, itupe nje ya nyumba ikiwa imefungwa. Zilizo jirani zote peleka friza hata kama zinaonekana safi. Toa kila kitu kwenye kabati, vuta uchafu kwenye nyufa na kona za shelfu kwa mashine, halafu kagua tena baada ya wiki 4, maana yai lililobaki linakuwa limeshakuwa mdudu wa kuonekana.