Jinsi ya kununua kwenye duka la magazeti stesheni bila kuachwa na treni

Kabla hujagusa gazeti lolote, nenda kwenye ubao wa treni kwanza. Soma saa ya kuondoka, namba ya platifomu, na kama treni imechelewa, imechelewa dakika ngapi. Watu wengi wanaanzia dukani afu ndo wanakimbizana kutafuta platifomu na mizigo mkononi, na hapo ndo mtu anaachwa. Mi napiga hesabu kwa kurudi nyuma: treni inaondoka saa nne kamili, milango mara nyingi inafungwa kidogo kabla ya muda, kutembea mpaka behewa langu dakika tano (treni ndefu usiichukulie poa, ukiwa behewa la mwisho ni safari yenyewe), kwa iyo saa nne kasoro dakika kumi lazima niwe nimeshalipa na nimetoka. Foleni nayo usiipime kwa kuhesabu vichwa tu, maana mtu mmoja ambaye kadi yake inakataa anatosha kukumalizia dakika zote ulizokuwa nazo.

Maduka haya ni ya zamani kweli. Mwaka 1848 kampuni ya WHSmith ilifungua kibanda chake cha kwanza cha stesheni pale Euston, London, na miaka ya 1850 Louis Hachette, mchapishaji wa vitabu wa Ufaransa, akafanya hivyo hivyo kwenye stesheni za Ufaransa. Sababu ni ile ile mpaka leo, msafiri ana muda wa kukaa ila hana muda wa kuchagua. Mwaka 2025 WHSmith waliuza maduka yao ya mjini wakabaki na ya stesheni, viwanja vya ndege na hospitali, sasa hapo jiulize mwenyewe pesa iko wapi. Mwenye duka anajua huwezi kutoka nje kwenda kulinganisha bei, na kodi ya pale huwa kubwa, kwa iyo maji, betri, chaja na vitu vya kutafuna kwa kawaida vinakuwa ghali kuliko mtaani. Kama unajua utasafiri, vitu hivyo beba kutoka nyumbani. Ila gazeti au jarida ambalo bei imechapwa kwenye jalada kwa kawaida utalipa ile ile ungelipa kwingine, kwa iyo pesa ya stesheni itumie kwenye kusoma, mi naona hapo ndo haikuumi.

Sasa jarida. Hapa nataka uwe makini sana kwa sababu mi limeshanikuta, nilikuwa na safari ya masaa sita nikachukua jarida nene limefungwa kwenye nailoni, jalada zuri linang'aa, nikalipa haraka haraka, nafika kwenye kiti nalichana nakuta ni toleo la miezi miwili nyuma na nilishalisoma! Tangu siku iyo siangalii picha ya jalada, naangalia tarehe. Ujue tu kwamba majarida ya mwezi mara nyingi yanaandikwa mwezi wa mbele, kwa iyo ukiwa mwezi wa tatu ukakuta limeandikwa mwezi wa nne usishangae, ndo jipya hilo. Lenye mwezi uliopita ndo la kurudisha rafu. Kama tarehe imefichwa na zawadi waliyobandika juu, geuza uangalie bakodi: majarida na magazeti kwa kawaida yanaanza na 977 (vitabu ni 978 au 979), na pembeni ya bakodi kubwa kuna kengine kadogo kenye tarakimu mbili au tano, hako ndo kanataja namba ya toleo. Kama nakala mbili za jarida moja zina namba tofauti pale, basi rafu ina la zamani na jipya vimechanganyika. Na usichukue nakala ya mbele kabisa, hiyo imefunuliwa na kila aliyepita, vuta ya pili au ya tatu.

Gazeti la siku ni rahisi, soma tarehe basi. Kumbuka tu la asubuhi limechapwa usiku, kwa iyo ukilinunua jioni habari zake kubwa ushaziona kwenye simu. Jioni mi nanunua kwa ajili ya makala ndefu na fumbo la maneno. Na ukinunua kwa ajili ya fumbo nunua na kalamu hapo hapo, ijaribu kwenye kiganja kabla hujaondoka kaunta.

Kitabu, chukua kidogo cha jalada laini kinachoshikika kwa mkono mmoja. Inasimuliwa kwamba Allen Lane, mchapishaji wa vitabu Mwingereza, alikuwa stesheni ya Exeter, Uingereza, akakosa kitu cha maana cha kusoma, na mwaka 1935 akaanzisha Penguin, vitabu vizuri vya bei ndogo. Mi namuelewa kabisa. Fungua ukurasa wa katikati, soma aya moja, sio ule wa kwanza ambao mwandishi kaupamba. Ikikuvuta, beba.

Waya wa chaja ndo unaoliza watu. Usimwambie muuzaji "nataka waya wa simu", toa simu umuonyeshe tundu. USB-C ni la duara refu linaingia upande wowote, na iPhone kuanzia 15 ya mwaka 2023 zinatumia hilo, za nyuma yake zina Lightning, tundu dogo la Apple wenyewe. Afu angalia na kichwa cha pili, maana ukiwa na waya wenye USB-C pande zote mbili na soketi ya kwenye kiti ina tundu lile pana la zamani, umenunua kamba. Pawabenki iwashe hapo hapo uone taa ngapi zinawaka, mara nyingi zinauzwa zikiwa na chaji nusu. Maji nunua chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, kopo likishafunguliwa halifungiki na behewa linatikisika.

Kwenye kulipa, tiketi iweke mfuko mwingine kabisa mbali na pesa na kadi, kwa sababu pale kaunta mtu anatoa vyote kwa pamoja na tiketi inabaki juu ya majarida. Chenji hesabu ukiwa bado umesimama pale. Risiti ya waya na pawabenki tunza, ya gazeti tupa.

Ukishakaa, kama umenunua gazeti lile pana usilikunjue lote, utampiga jirani kiwiko. Likunje katikati kwa urefu, kurasa ziwe kama ukanda mwembamba, afu ukanda huo ukunje tena katikati kwa upana. Unasoma robo moja, unageuza, unasoma nyingine, na mkono mmoja unabaki huru wa kushikia chupa.