Kusukuma HP5 hadi 1600 na kuisafisha nyumbani kwenye joto la Pwani

Kijana mmoja wa hapa Dar aliniletea mkanda aliopiga usiku kwenye onyesho la taarab, bila flashi, akataka tuusafishe pamoja. Kusukuma ni kupiga filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga) kana kwamba ni ya 1600, kisha kufidia kwa kuisafisha, yaani kuitoa picha kwa dawa, kwa muda mrefu zaidi. Haya ndiyo tuliyofuata.

1. Filamu

Chukua Ilford HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400. Tri-X 400 nayo inasukumika vizuri, lakini HP5 ni tulivu kwenye weusi na weupe wake, na kusukuma huongeza tofauti kati ya weusi na weupe, kwa hiyo inabaki na nafasi ya kuongezwa. Delta 3200 usidanganyike na jina: ISO yake halisi ni kama 1000, na bei imechangamka.

2. Kupiga

Weka ISO 1600 kwenye kamera tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, maana mkanda unasafishwa wote kwa mpigo. Lenzi iliyofunguliwa hadi f/2 kwa kasi ya sekunde 1/60 inatosha kumbi nyingi zenye taa hafifu. Pima mwanga kwenye uso wa mwimbaji, taa za jukwaani ziache nje ya kipimo. Dawa hukoleza pale palipopata mwanga tu. Kivuli kisichopata kitu kitabaki kitupu hata ukikisafisha mpaka alfajiri. Ukimaliza, andika 1600 kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito.

3. Kupakia kwenye tangi

Filamu huviringishwa kwenye rili, kigurudumu cha kuishikilia ndani ya tangi, gizani ndani ya mfuko mweusi. Ila pakia asubuhi mapema: mikono ikitoka jasho ndani ya mfuko mweusi, filamu hunata kwenye rili hiyo na haisogei tena.

4. Dawa na joto lake

Natumia Microphen, dawa ya kutoa picha, bila kuizimua kwa maji. Rodinal, dawa nyingine, kwa kusukuma sitaki hata kuisikia: punje za picha zinakuwa kama mchele na vivuli vinapotea. Microphen ni unga, huyeyushwa kwenye maji ya nyuzijoto 40, kwa hiyo itengeneze jana yake ipoe.

Kwa 1600 muda ni dakika 11, lakini kwa nyuzi 20. Maji ya bomba hapa, hasa yaliyokaa kwenye simtanki juu ya paa, hufika nyuzi 28 au zaidi. Kwa joto hilo muda unashuka karibu nusu, na hapo sekunde chache za kumimina zinatosha kuacha mabaka kwenye filamu. Kushuka hadi 20 nako ni kazi bure, chumba chenyewe kinakupinga. Mimi nasimama kwenye 24, kwa dakika 7 na sekunde 45.

Jaza beseni maji, tumbukiza chupa za maji zilizogandishwa. Barafu isiguse dawa, itaizimua. Ndani ya beseni weka dawa, stopu (ya kuikatiza dawa, humiminwa mara baada yake), fiksa (ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga), na jagi la maji ya kuoshea. Hilo jagi ndilo watu wanalolisahau: filamu ikitoka kwenye 24 ikapigwa na maji ya 30, utando wake unavimba na punje zinakusanyana. Pima kila chombo kwa kipimajoto kilekile, kwa sababu vipimajoto viwili vya bei rahisi havikubaliani. Beseni likifika 24, toa chupa moja, likipanda, irudishe.

Mimina, pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kisha mara 4 kila dakika inapoanza. Likishapinduliwa, tangi lirudi besenini. Ukilishika mkononi muda wote, unalipasha joto mwenyewe. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kwisha, kisha mimina stopu.

5. Fiksa na kuosha

Fiksa dakika 5. Kuosha, jaza maji ya lile jagi: pindua mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, kisha mara 20. Tone la dawa ya kuzuia madoa ya maji mwishoni, halafu tundika bafuni, mlango umefungwa na feni imezimwa.