Kichwa cha sogeza cha HO: mota kwanza, rangi baadaye

Kichwa cha sogeza, yaani kichwa cha treni cha kusogeza mabehewa, kazi yake ni kuyapanga yadini: kinaanza, kinasimama, kinarudi nyuma, kutwa nzima, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye treni za mfano za skeli ya HO, yaani 1:87, mwendo huo ni takriban sentimita 2 kwa sekunde. Kama cha kwako hakiwezi kutambaa hivyo, rangi nzuri ni ya nini? Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja kwa simu kufunga dikoda (kifaa kidogo kinachopokea amri za dijitali kupitia reli na kuendesha mota na taa) kwenye kichwa cha mfano cha SW1500 cha mtumba, ya zamani kabla ya udhibiti wa dijitali.

Hatua ya 1: Kuchagua

Vipo vingi vya kukusanya. NW2 ya kiwanda cha EMD na S-2 ya kiwanda cha Alco, vyote vya nguvu farasi 1,000, vilitapakaa Marekani miaka ya 1940. Kuna kile kidogo cha General Electric cha tani 44, kilichopunguzwa uzito makusudi: makubaliano ya mwaka 1937 na vyama vya wafanyakazi yalitaka kichwa cha kuanzia pauni 90,000 kiwe na mtu wa pili ndani, hiki kikakaa chini ya hapo. Kinapendeza sana, ila kupenyeza dikoda ndani yake ni mateso. Anza na SW1500 (1966–1974). Ina nafasi chini ya boneti, na picha za kuigiza hukosi, hasa za Southern Pacific, kijivu yenye pua nyekundu.

Ukiwa sokoni kipindue. Magurudumu yote 8 yachukue umeme. Kinachochukua kwa manne tu mwachie mwenyewe, hata akikuuzia bei ya bure.

Hatua ya 2: Kusafisha

Vua bodi, futa grisi ya zamani kwa spiriti, weka tone moja moja la mafuta yasiyodhuru plastiki. Basi.

Hatua ya 3: Kutenga mota na chesisi

Hapa ndipo watu wanapounguza dikoda. Kwenye vichwa vingi vya zamani, chesisi ya chuma ndiyo waya: reli moja inaleta umeme kwenye chesisi, na kaboni ya chini ya mota (kipande kinachoipitishia umeme) inaupokea hapo hapo kupitia klipu yake. Kwa umeme wa kawaida, usio wa dijitali, hakuna neno. Ukifunga dikoda bila kukata njia hiyo, umeme wa reli unaingia kwenye dikoda kupitia waya wa mota, na dikoda imekwenda.

Kabla hata ya kununua dikoda, kipe kichwa volti 12, kishike magurudumu yasizunguke kwa sekunde moja tu, usome mita. Dikoda nyingi za HO zinabeba kama ampea 1. Mota inayovuta zaidi ya hapo ibadilishe, usibishane nayo.

Sasa toa mota. Klipu ya chini ifungue huku umeibana kwa kidole, kwa sababu chini yake kuna springi ndogo, na ikiruka sakafuni jioni yako imeisha. Kata au tia tupa vile vimeno vinavyogusa chesisi, lehemu waya wa kijivu kwenye klipu, rudisha. Kitanda cha mota kivishe tepu ya Kapton, ile inayostahimili joto. Usitumie tepu nyeusi ya mafundi umeme: mota ikipata moto gundi yake inalainika na tepu inateleza.

Kisha pima. Weka mita kwenye mlio, yaani ilie penye njia ya umeme: ncha moja kwenye kaboni, nyingine kwenye chesisi, halafu gurudumu moja moja. Isilie popote. Rudia kwa kaboni ya pili. Ukishakaza skrubu za mota, pima tena. Pindisha bogi (fremu inayobeba magurudumu) kushoto na kulia, pima. Rudisha bodi, pima. Cha yule kijana kilikuwa kimya mezani, kikalia baada ya bodi kukaa: waya wa kijivu ulibanwa na ukingo wa boneti, ganda lake likachubuka pasipozidi punje ya mchele. Tuliupitisha upande wa pili, kimya kikarudi.

Hatua ya 4: Nyaya

Nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto. Rangi ya chungwa na kijivu ni za mota. Nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, bluu chanya ya pamoja. Taa za LED ziwekee rezista ya kilo-omu 1. Kikikimbia kinyume, badilishana chungwa na kijivu.

Hatua ya 5: Mipangilio na kapasita

Fanyia kwenye reli ya programu, kipande cha reli cha kupangia dikoda, ambako umeme ni mdogo. Badili anwani ya dikoda kutoka 3, kisha pandisha CV2 (mpangilio wa volti ya kuanzia) taratibu hadi kichwa kianze kusogea kwenye hatua ya kwanza kabisa ya mwendo. CV3 na CV4, za kuongeza na kupunguza mwendo polepole, kwangu huwa 8 au 10, kiwe na uzito wa chuma.

Kapasita ya akiba, inayotunza umeme kidogo, ifunge baada ya hapo, maana dikoda nyingine hazisomeki zikiwa nayo. Usiiache: kichwa kifupi hukwama reli zinapogawanyika, kwenye kipande kisicho na umeme. Ifiche kabini chini ya madirisha. Usichonge uzito wa risasi ili kuipatia nafasi, kitakosa mshiko.

Hatua ya 6: Uchakavu

Masizi kuzunguka mabomba ya moshi, vumbi la breki la kahawia kwenye bogi, mafuta meusi kidogo kwenye vifuniko vya ekseli. Tumia unga wa rangi na brashi laini. Ya kupuliza wanaoanza huimwaga. Funga kwa vanishi isiyong'aa, magurudumu na klipu za umeme zikiwa zimezibwa. Kabla vanishi haijakauka, futa kila gurudumu kwa pamba yenye spiriti.