Hesabu na sayansi dukani: somo moja kwa kila safari

Chagua somo moja kabla ya kutoka. Mzazi anayetaka hesabu, kusoma na sayansi kwa siku moja hurudi na mtoto aliyechoka na kapu lenye nusu ya vitu. Mazoezi haya yanamfaa mtoto wa miaka 8 hadi 12, na dakika 10 kwa kila zoezi zinatosha.

1. Orodha na makisio

Mtoto aandike orodha kwa mkono wake. Afungue kabati, aone kilichobaki, kisha aandike kiasi na kipimo: si "mchele" tu, bali "mchele kilo 2". Kando ya kila kitu akisie bei, mwishoni ajumlishe. Hata akikosea mno, usimsahihishe. Ukimpa jibu nyumbani, dukani hatakuwa na la kutafuta.

Mpe penseli na kipande cha kadi ngumu, maana karatasi laini hutoboka akiandika amesimama. Kikokotoo kikae mfukoni mwako.

2. Bei ya gramu 100

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo msiharakishe. Tafuteni bidhaa moja yenye pakiti tatu. Tuseme ya gramu 400 ni 90, ya gramu 750 ni 165, na ya kilo 1 ni 230. Muulize kwanza ipi ni nafuu. Watoto wengi, na watu wazima pia, huonyesha ile kubwa.

Sasa apige hesabu. Gramu 400 ni mafungu 4 ya gramu 100, basi 90 ÷ 4 = 22.5. Ya pili, 165 ÷ 7.5 = 22. Ya tatu, 230 ÷ 10 = 23. Pakiti kubwa ndiyo ghali!

Makosa hutokea mahali pawili. La kwanza ni kugeuza mgawanyo, yaani 400 ÷ 90. Jibu hilo ni gramu unazopata kwa kila 1 ya fedha, na hapo namba kubwa ndiyo nafuu. Usimwambie amekosea, muulize, "Hii 4.4 ni gramu au ni fedha?" La pili ni vyakula vya kopo. Atumie uzito baada ya kumwaga maji, ikiwa umeandikwa, kwa sababu maji ya kopo hamyali.

3. Lebo

Viambato kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Akikuta sukari ni ya kwanza au ya pili, ameshajua mengi.

Kwenye kinywaji, aangalie sukari ni ya mililita 100 au ya chupa nzima. Hapo ndipo wengi huteleza. Gramu 10.6 kwa mililita 100, katika chupa ya mililita 330, ni karibu gramu 35. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, basi ni vijiko karibu 9. Mkifika nyumbani avipime kwenye bilauri tupu. Kuiona ile sukari kunamfundisha kuliko maneno yako yote.

4. Punguzo

Punguzo la 20%, kisha 10% zaidi, si 30%. Aanze na 100: inashuka hadi 80, halafu 72. Amepunguziwa 28%.

5. Risiti

Alinganishe jumla na makisio yake, aandike tofauti na tarehe kwenye ile kadi. Kadi zihifadhiwe pamoja.

6. Msimbo pau, mezani

Chukueni msimbo pau, ile mistari myeusi yenye namba chini yake kwenye pakiti, wa tarakimu 13, mfano 5901234123457. Katika tarakimu 12 za mwanzo, ajumlishe zilizo nafasi za witiri (ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea): 5+0+2+4+2+4 = 17. Za nafasi shufwa (ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea): 9+1+3+1+3+5 = 22, azidishe kwa 3, apate 66. Jumla ni 83. Kufikia 90, kumi kamili inayofuata, inahitajika 7, nayo ndiyo tarakimu ya mwisho.

Kisha abadilishane 5 na 9 za mwanzo. Jumla yote, pamoja na ile 7, inakuwa 82 badala ya 90, si kumi kamili, na mashine inagundua kosa. Aliyezidi miaka 10 mwachie swali gumu: ni tarakimu zipi mbili jirani zikibadilishana mashine haigundui? Ni zinazotofautiana kwa 5, kama 2 na 7. Mpe hata siku mbili azitafute.